Baunsa, kamera na kadi: maswali ya wapiga picha

Tangu msimu wa matamasha uanze, barua za wapiga picha zimejaa mezani na nyingi zinasimulia kisa kilekile: staa kashuka kwenye gari, mpiga picha kabonyeza, mlinzi kanyoosha mkono. Tumechukua tano. Majibu yanafuata sheria za Tanzania na Kenya, ila barua ya mwisho imetoka mbali kidogo.

SWALI: Shikamoo mhariri. Ni mpiga picha wa kujitegemea hapa Dar. Juzi nilikuwa barabarani nje ya ukumbi nikimpiga picha msanii anayeingia. Mabaunsa wake wawili wakanizingira. Mmoja alikamata lenzi akaivuta, mwingine akafungua kifuniko akachomoa kadi. Waliingia nayo ndani, na baada ya kama dakika 20 wakaniletea ikiwa tupu, imefomatiwa. Lenzi sasa inacheza kwenye kamera. Kituoni naambiwa hapa hakuna wizi kwa sababu kila kitu nimerudishiwa. Ni kweli?
*Msomaji, Kinondoni*

JIBU: Marahaba. Sheria tutaifikia. Kwanza iokoe kadi, maana hiyo ndiyo inayoharibika kwa saa.

Kufomati kwa kawaida hakufuti picha. Kunafuta orodha inayoiambia kamera kila picha imekaa wapi. Picha zenyewe hubaki pale pale mpaka kitu kipya kiandikwe juu yake, kwa hiyo ukipiga hata fremu tatu za kujaribu kama kadi bado inafanya kazi, umeanza kujifutia ushahidi mwenyewe. Itoe kwenye kamera. Kama ni SD, pembeni ina kijiti kidogo cha plastiki. Kisukume kuelekea neno Lock ili isiandikike tena. (MicroSD na CFexpress hazina kijiti hicho, basi ziweke kwenye bahasha, andika tarehe, usizichomeke popote.) Siku ya kuiokoa, kompyuta ikikuuliza kama iifomati au iirekebishe, kataa. Anza kwa kutengeneza nakala kamili ya kadi nzima, kisha fanyia kazi nakala hiyo. Programu ya PhotoRec ni ya bure na inazitambua faili za RAW, yaani picha ghafi, za kamera nyingi pamoja na JPEG. Kinachookolewa kihifadhi kwenye diski nyingine, kamwe kisirudi kwenye kadi ileile. Kwa kadi ya GB 64 tenga GB 64 za nakala na nyingine kama hizo za kupokea picha. Majina ya faili yatakuwa yamepotea, utakuta namba tupu, lakini ndani ya kila faili kwa kawaida tarehe na saa bado zipo, na mara nyingi hata namba ya kamera. Wapenzi wa kubahatisha hukosea hapa: wanaendesha programu tano moja kwa moja kwenye kadi yenyewe, na ya tatu inaandika juu ya kile ambacho ya kwanza ingekiokoa. Kama mabaunsa walichagua ule ufomati wa kina, wa kufuta kadi yote, matumaini ni madogo.

Sasa kituo. Askari aliyekujibu amesikia neno "wizi" akafikiria mtu aliyekimbia na mali asirudi. Sheria ya Kanuni za Adhabu ya Tanzania haikuishia hapo, na ya Kenya kifungu cha 268 inasema vilevile: nia ya wizi ipo pia pale mtu anapochukua kitu akikusudia kukifanyia jambo ambalo litazuia kisirudi katika hali kiliyokuwa nayo kilipochukuliwa. Soma tena sentensi hiyo ukiwa na kadi yako mkononi. Ilichukuliwa ikiwa na picha, imerudi haina. Yule aliyeichomoa hakuichukua aitazame, aliichukua aifute.

Angalia lakini unavyosema. Ukiandikisha "wameniibia picha" utajitia mtegoni, kwa sababu kinachoibwa katika kanuni hizo ni kitu kinachoshikika na kuhamishika. Kadi ni kitu, lenzi ni kitu. Picha iliyo ndani ya kadi ni data, na data ina sheria yake: Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inafanya kosa kwa mtu kufuta au kuharibu data ya kompyuta kwa makusudi na bila haki. Wakenya wanayo ya 2018 inayohusu kuingilia mfumo au data bila idhini. Kwa hiyo maelezo yako kituoni yawe na vipande vitatu, kila kimoja kwa sentensi yake: walichukua kadi yangu kwa nguvu, walifuta data iliyokuwamo, waliharibu lenzi na kamera. Kama walikushika shingo au kukusukuma, ongeza cha nne, shambulio. Usiondoke bila namba ya RB, yaani ya taarifa yako iliyoandikishwa kituoni. Kama una maumivu, chukua PF3, fomu ya polisi ya matibabu, kabla ya kwenda hospitali. Daktari akishakutibu bila fomu hiyo, kuunganisha michubuko yako na kesi kunakuwa kazi ya ziada. Kwa Kenya, badala yake ni namba ya OB na fomu ya P3. Askari akishikilia kwamba hakuna kosa, mwombe kwa upole aandike hivyo kwenye kitabu, kisha nenda kwa mkuu wa kituo. Mara nyingi kalamu ikishikwa, kosa huonekana.

Lenzi usiitengeneze bado. Kucheza kwa lenzi kunaweza kutokana na pete ya kufungia iliyopinda, skrubu zilizolegea, au uchakavu wa miaka, na wakili wa upande wa pili atachagua uchakavu. Mjibu kwa picha. Tafuta fremu zako za siku chache kabla ya tukio, za ukuta, jengo au kundi la watu waliosimama mstari, ambazo ncha ya kushoto na ya kulia zote ni kali. Halafu weka kamera juu ya stendi mbele ya ukuta wa matofali, piga kwa lenzi ileile na uwazi uleule wa lenzi. Pete ikiwa imepinda, upande mmoja wa ukuta utakuwa na mistari ya saruji inayohesabika na upande wa pili utakuwa uji. Chapisha zote mbili. Fundi naye akuandikie ripoti yenye namba ya kamera, namba ya lenzi, kifaa gani kimepinda, bei ya kifaa na bei ya ufundi zikiwa mbali mbali. Karatasi inayosema "matengenezo ya kamera, laki nne" haimsaidii hakimu.

Na wa kumdai ni nani? Baunsa mwenyewe mara nyingi hana kitu. Lakini mwajiri hubeba makosa ambayo mfanyakazi ameyatenda katika kazi aliyotumwa, na kazi ya baunsa ni hiyo hiyo ya kuzuia watu. Tatizo ni kujua mwajiri: anaweza kuwa msanii, kampuni ya ulinzi, au ukumbi. Usiku ule ule andika fulana ilikuwa na nembo gani, nani alikuwa akiwaamrisha, waliingia na kutoka kwa mlango upi. Kama hujui, barua ya madai ipelekwe kwa wote watatu, waache wenyewe wasukumiane. Muda wa kufungua madai ya namna hii ni miaka mitatu, Tanzania na Kenya, ila shahidi wa mtaani hakumbuki miaka mitatu. Namba za simu za waliokuwapo zichukue leo.

Ukidai pia pato la picha zilizofutwa, leta kitu cha kupimia: ujumbe wa mhariri aliyekuwa anazisubiri, ankara za picha kama hizo ulizowahi kuuza. Bila hivyo utaishia na gharama za lenzi.

SWALI: Baunsa akinishika kamera naruhusiwa kumpiga? Na kama amevunja flashi ya shilingi 38,000, kweli niende mahakamani kwa hela hiyo?
*Msomaji, Nakuru*

JIBU: Sheria inakuruhusu kulinda mali yako kwa nguvu ya kadiri. Kumpiga ngumi mtu aliyeshika mkanda wa kamera huenda kukapita kadiri hiyo, na hata kusipopita, kesho kutakuwa na P3 mbili na kesi mbili, na simu za watu zitakuwa zimerekodi kuanzia ngumi yako, si kuanzia mkono wake. Kaza mkanda kwenye kifundo cha mkono, kumbatia kamera kifuani, sema kwa sauti ya kusikika "hii ni mali yangu, usiiguse", rudi nyuma. Sauti hiyo ndiyo itakayokuwa kwenye video ya mtu mwingine.

Kuhusu pesa, ndiyo, nenda. Small Claims Court, mahakama ya madai madogo ya Kenya, iliundwa kwa madai kama hayo: hadi shilingi milioni moja, ikiwemo uharibifu wa mali na kurudishiwa mali inayohamishika, na sheria inataka kesi imalizike ndani ya siku 60 tangu kufunguliwa. Unajaza fomu mwenyewe, wakili si lazima. Nenda na risiti ya flashi, picha ya flashi iliyovunjika, OB na shahidi mmoja. Tukizungumzia risiti: zile za mashine zinachapwa kwa joto, na kwa joto zinafutika. Ukiiacha kwenye gari au ndani ya pochi, baada ya mwaka unabaki na karatasi nyeupe. Ipige picha siku ya kununua, na uandike namba ya kifaa pembeni yake.

SWALI: Nilimpiga picha mwigizaji mmoja ufukweni, mahali pa wazi. Meneja wake alinifuata akataka niifute, akisema sura ni ya kwao na hivyo picha ni yao. Nilikataa, nikaiweka kwenye ukurasa wangu. Siku ya pili mwigizaji huyo huyo ameiweka kwenye ukurasa wake, jina langu limekatwa! Nani kamwibia nani?
*Msomaji, Mombasa*

JIBU: Hapo meneja kachanganya chumvi na sukari. Hakimiliki ya picha huzaliwa kwa aliyeipiga, dakika anayoipiga, bila kujiandikisha popote. Kuonekana kwenye picha hakumpi mtu umiliki wa picha. Kwa hiyo mwigizaji alipoichukua, akakata jina na kuichapisha, ndiye aliyekosa. Jambo hili limewafikisha mahakamani mastaa wakubwa Marekani: mwaka 2019 wakala wa picha wa XClusive-Lee alimshtaki mwanamitindo Gigi Hadid kwa kuweka Instagram picha yake mwenyewe iliyopigwa na mpiga picha wa mtaani. Kesi ilitupwa, si kwa sababu sura ni yake, bali kwa sababu Marekani inataka hakimiliki isajiliwe kabla ya kufungua shauri na usajili ulikuwa haujakamilika. Kenya usajili si sharti, ila cheti cha KECOBO, bodi ya hakimiliki ya Kenya, hurahisisha mabishano, kwa hiyo picha zenye thamani zisajili.

Lakini meneja ana nusu ya hoja mahali pengine. Kumiliki picha hakukupi ruhusa ya kuitumia utakavyo. Ukiiuza gazetini kama habari, Sheria ya Kulinda Data ya 2019 ina msamaha kwa kazi ya uandishi. Ukimuuzia mwenye duka la miwani aiweke kwenye bango, umeitumia sura ya mtu kibiashara na idhini yake inahitajika, awe staa au muuza mahamri. Mahakama za Kenya zimeshawapa fidia watu wa kawaida ambao picha zao ziligeuzwa matangazo. Kifungu cha 31 cha Katiba nacho kinalinda faragha. Ufukwe wa wazi ni kitu kimoja, kumpiga mtu kupitia tundu la ua la chumba chake cha hoteli ni kingine.

Kabla ya kulalamika, piga picha skrini yote ya ukurasa wake yenye tarehe na anwani, kwa maana ataifuta ukishaandika. Faili yako ya asili itunze kama ilivyotoka kwenye kamera. Ile uliyojitumia kwa WhatsApp imebanwa na taarifa zake za ndani zimeondolewa, haithibitishi chochote. Kisha andika barua fupi: nirudishie jina au uondoe, na ada ya matumizi ni kiasi hiki. Wengi hulipa kimya kimya.

Swali ambalo hukuuliza ila linafuatia: kama mwigizaji ndiye aliyekuajiri kumpiga, hesabu inageuka. Kifungu cha 31 cha Sheria ya Hakimiliki ya Kenya kinasema kazi iliyoagizwa huhesabiwa kuwa imehamishiwa kwa aliyeagiza, isipokuwa mmekubaliana vingine. Wapiga picha wa harusi wengi hawajui hilo mpaka siku wanapotaka kuweka picha kwenye tovuti yao. Sentensi moja kwenye mkataba inatosha kulibadilisha.

SWALI: Nimepewa kibali cha kupiga tamasha Nairobi. Fomu inasema ulinzi una haki ya "kukagua na kuchukua vifaa" nikikiuka masharti. Nikisaini nimewapa kamera?
*Msomaji, Ruiru*

JIBU: Umewapa hoja, na ni hoja nzito kuliko ile ya baunsa wa barabarani. Ndani ya ukumbi mwenye ukumbi ndiye mwenye masharti. Anaweza kukukataza kupiga, kukupa nyimbo tatu za kwanza bila flashi, kukutoa nje. Ukikataa kutoka unakuwa mvamizi. Asichokuwa nacho kwa asili ni haki ya kugusa mali yako. Hiyo anaipata tu ukimpa kwa saini. Ndiyo maana kipengele kile kimeandikwa.

Wala si ubunifu wa hapa. Mwaka 2015, katika ziara ya Taylor Swift, fomu ya wapiga picha iliruhusu mawakala wake kutwaa au hata kuharibu vifaa vyenye picha endapo masharti yangekiukwa. Wapiga picha walipiga kelele, vyama vyao vikakaa mezani na upande wake, na Julai mwaka huo fomu mpya ikatoka bila ukali ule. Aliyebadilishiwa ni yule aliyesoma kabla ya kusaini.

Wewe fanya hivi. Kata kwa kalamu maneno "na kuchukua vifaa", andika juu yake "kumtaka mpiga picha afute, mbele yake, picha zilizopigwa nje ya masharti", weka sahihi ndogo pembeni, mpe anayepokea naye aweke yake, kisha piga picha ukurasa huo. Wakikataa, utaamua kama tamasha lina thamani ya kamera. Angalia pia kama fomu inawapa picha zako zote bure milele. Kipengele hicho hupenda kujificha chini ya kichwa cha "usalama".

Na kama kamera ina nafasi mbili za kadi, iweke iandike kwenye zote mbili kwa pamoja, si moja baada ya nyingine. Mtu mwenye haraka huchomoa moja akaridhika.

SWALI: Naishi Minneapolis, napiga picha harusi na matamasha ya Waafrika. Hivi karibuni mlinzi wa mwanamuziki mgeni, ambaye ana beji ya polisi lakini hakuwa zamu, aliniambia nimpe simu afute video. Tulikuwa maegeshoni, mahali pa umma. Nilimpa. Nilikosea?
*Msomaji, Minnesota*

JIBU: Ulimpa kwa hiari, na hiyo itamsaidia yeye. Siku nyingine uliza swali moja kwanza: "Je, unaniamuru kama polisi au unaniomba kama mlinzi?" Jibu linabadili kila kitu. Mlinzi binafsi hana mamlaka yoyote juu ya simu yako, akiichukua ni kosa la kawaida kama la jirani yeyote. Akisema ni polisi, Katiba ya Marekani inaingia, na tangu uamuzi wa Riley dhidi ya California wa 2014 polisi kwa kawaida anahitaji hati ya mahakama kupekua yaliyomo kwenye simu, hata ya mtu aliyemkamata. Jibu lako liwe: "Sikubali kupekuliwa." Halafu usimzuie kwa mwili.

Huko wanaowarukia wapiga picha hushtakiwa kweli. Kanye West alipomvamia mpiga picha katika uwanja wa ndege wa Los Angeles mwaka 2013, waendesha mashtaka waliandika makosa mawili, kupiga na kujaribu kuiba kamera. Mwaka uliofuata hakupinga shtaka la kupiga, la pili likaondolewa, akapewa miaka miwili ya uangalizi na saa 250 za kazi za jamii.

Ila usije ukaichukua kesi hiyo kama leseni. Ron Galella, mpiga picha wa mastaa aliyemwandama Jacqueline Onassis, mjane wa Rais Kennedy wa Marekani, miaka na miaka, ndiye aliyeanza kushtaki akidai walinzi walimzuia kazi. Alishindwa, na mahakama ya rufaa mwaka 1973 ikamwekea mpaka wa futi 25, kama mita saba na nusu, asimsogelee zaidi. Kilichomponza si kamera, ni kumkimbilia, kumzunguka na kuwarukia watoto wake njiani. California tangu hapo imetunga sheria yake dhidi ya kuvamia faragha kwa ajili ya picha, hata kwa lenzi ya mbali kutoka nje ya uzio, kwa hiyo ukisafiri kwenda kazini huko isome kwanza.

Video iliyofutwa iangalie kwenye folda ya vilivyofutwa karibuni. iPhone huiweka humo hadi siku 30, na wafutaji wengi wenye hasira hawakumbuki kuifungua.